Kaakaa likitoboka: namna ya kupata kizibo kinachokaa, na kuishi nacho huku Kigoma

Bana pua yako kwa vidole viwili alafu sema "mama". Imetoka kama "baba" ya mtu mwenye mafua, si ndio? Sasa geuza. Mtu ambaye kaakaa lake, yaani dari ya mdomo, lina tundu, hewa inakimbilia puani kabla haijafika kwenye midomo, kwa hiyo akisema "baba" inatoka "mama", "dada" inatoka "nana", "gari" inakuwa "ng'ari". Nilikuwa na mzee mmoja wa Ujiji, mvuvi wa zamani, alienda kutolewa uvimbe akarudi na shimo juu ya mdomo, akakaa miezi mitano haongei na mtu. Sio kwamba hawezi, ila kila akimwita mjukuu wake watoto wanacheka, chai akinywa inatokea puani, akawa anakula peke yake uani kageukia ukuta. Mtu kama huyo akiwekewa kizibo kizuri, yaani kifaa cha kuvaa mdomoni kinachoziba lile tundu, anaongea siku hiyohiyo, palepale kwenye kiti, na ndo maana nimekaa kuandika hii kitu ndefu, maana wengi huku hawajui kama kizibo kipo na wale wanaojua wanakuja wameshachelewa.

Mi ni tabibu wa kinywa na meno hapa Kigoma, sio bingwa. Vizibo vya kudumu wanatengeneza mabingwa na mafundi wao wa maabara, kwa watu wetu mara nyingi ni Mwanza au Dar. Lakini mgonjwa akishashuka kwenye basi au treni amerudi kwao, anayemuona kila wiki ni mimi na wenzangu wa huku. Kwa hiyo nayoandika hapa ni kwa mgonjwa mwenyewe, kwa ndugu anayemuuguza, na kwa tabibu mwenzangu wa kituo cha afya huko Kakonko au Buhigwe ambaye siku moja ataletewa mtu wa hivi na atatakiwa ajue cha kufanya.

JUA KWANZA TUNDU LAKO NI LA WAPI

Pitisha ulimi juu ya mdomo kuanzia kwenye meno ya mbele ukirudi nyuma. Mbele ni gumu, mfupa. Nyuma panakuwa laini, na mwisho kabisa kinaning'inia kilimi. Lile gumu ni dari, kazi yake kutenganisha mdomo na pua basi. Lile laini ni mlango, linapanda unapomeza na unapotamka, linaziba njia ya puani, likishuka unapumua. Ukielewa hiyo tofauti umeelewa nusu ya mambo yote, maana dari iliyotoboka unaiziba tu, ila mlango uliokatika hauwezi kuuziba moja kwa moja, ukiuziba mtu hapumui kwa pua.

Kwa hiyo tundu la kaakaa gumu linapata pleti, kibamba kinachokaa juu mdomoni kama cha meno ya bandia, yenye kizibo juu yake, hiyo wataalamu wanaiita obturata. Kaakaa laini lililokatwa linapata pleti yenye mkia unaorudi nyuma, mwisho wa mkia kuna kidonge, na misuli ya koo ndo inakuja kukibana kile kidonge mtu akimeza au akitamka, akipumzika inaachia hewa inapita. Na kaakaa laini ambalo lipo zima ila limepooza, labda kwa kiharusi au kwa kuumia kichwani, hilo linapata pleti yenye ulimi wa kulinyanyua juu. Vitu vitatu tofauti, usikubali mtu akakwambia "pleti ni pleti".

Matundu yenyewe yanatoka sehemu nyingi. Kwa watu wazima ninaowaona wengi ni uvimbe uliokatwa, saratani au uvimbe wa kawaida wa taya la juu. Wengine ni ajali, bodaboda hasa. Kuna noma, ule ugonjwa unaokula uso wa mtoto mwenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua au malaria kali, Shirika la Afya Duniani limeuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika Desemba 2023, ni wakati muafaka kwakweli.

Alafu kuna watoto wanaozaliwa kaakaa limepasuka, na hapa naomba unisikilize vizuri mama mwenye mtoto: kwa mtoto wako jibu la kwanza ni upasuaji, sio kizibo. Mdomo unashonwa kuanzia kama miezi 3, kaakaa kati ya miezi 9 na 18 hivi, kutegemea uzito na afya yake. Kabla ya hapo kinachomuua mtoto ni njaa. Kamua maziwa, mkalishe wima karibu kama amekaa, mpe kidogokidogo kwa kijiko au kikombe kidogo, mcheulishe mara kwa mara, na mpime uzito kila wiki ukiweza. Kizibo kwa aliyezaliwa na mpasuko kinakuja baadae, kama upasuaji ulifanyika likabaki tundu, au kama mtu amefika utu uzima na haiwezekani kushona tena. Na uliza hospitali ya mkoa kuhusu kambi za upasuaji, zikipita huwa wanajua.

KIZIBO KINAANZA KABLA YA KISU

Hili ndo neno langu kubwa kuliko yote.

Watu wanadhani ni hivi: unakatwa, unapona, alafu ndo unatafuta kizibo. Hapana. Kizibo kinashikiliwa na nini? Hakuna skrubu, hakuna gundi. Kinashikwa na meno yaliyobaki, kwa vishikizo vya waya vinavyokumbatia jino. Kuna daktari anaitwa Aramany, mwaka 1978 aligawa matundu ya taya la juu kwenye makundi 6 ambayo mpaka leo ndo yanatumika, na ukiangalia alivyogawa utaona anachotazama ni kimoja: tundu liko wapi ukilinganisha na meno yaliyobaki. Tundu la katikati na meno yote yapo, hiyo ni kazi rahisi. Nusu ya taya imeondoka na upande mmoja tu ndo una meno, inakuwa ngumu kidogo. Mtu hana jino hata moja juu, hapo hata bingwa anakuna kichwa.

Sasa angalia inavyokuwa huku kwetu. Uvimbe wa taya la juu mara nyingi unaanza kwa jino kulegea. Mtu anaenda mahali anang'olewa. Kidonda hakifungi. La pili linalegea, linang'olewa. Mpaka anafika kwa daktari wa upasuaji hana meno matano upande mzima, na mengine hata hayakuwa na shida, yaling'olewa "ili uvimbe upungue". Kila jino zima lililong'olewa hivyo ni nguzo ya kizibo imetupwa. Kwa hiyo tabibu mwenzangu, mtu mzima akija na jino la juu limelegea na majirani zake ni wazima, au fizi inavimba bila kuoza kokote, au kidonda cha kung'oa kina wiki 3 hakijafunga, acha koleo chini, mpeleke akakatwe kinyama wakapime.

Na we mgonjwa, ukishaambiwa utafanyiwa upasuaji wa taya la juu, muulize daktari swali hili hili nilivyoliandika: "Nani atanitengenezea kizibo, na ataniona kabla ya upasuaji?" Usione aibu, mabingwa wa upasuaji wazuri wanafurahi kuulizwa. Kinachotakiwa kufanyika kabla ni hivi: unachukuliwa impresheni, yaani unang'ata trei yenye ule uji mzito wa aljineti unaoganda mdomoni kwa dakika chache, ladha yake sio mbaya ila wengine inawatapisha, inamisha kichwa mbele upumue kwa pua taratibu itapita. Wanamwaga plasta ngumu wanapata mfano wa taya lako. Daktari wa upasuaji anachora kwa penseli juu ya plasta atakapokata. Fundi anakata hayo meno kwenye plasta, analainisha, anatengeneza pleti ya akriliki, ile plastiki ngumu ya meno ya bandia, inayofunika sehemu itakayokuwa shimo. Siku ya upasuaji pleti ipo tayari mezani.

Meno yaliyooza yanazibwa kabla, ukoga unasafishwa. Na kama utapigwa mionzi baadae, meno yasiyookoka yang'olewe mapema ili kidonda kipate angalau wiki 2 za kupona kabla mionzi haijaanza. Baada ya mionzi mfupa wa taya unakuwa na damu kidogo, uking'oa jino unaweza kukataa kupona kabisa, na hiyo hatari haiishi baada ya mwaka, ni ya maisha. Kwa hiyo hata miaka 10 baadae ukienda kung'oa jino popote sema kabla hujafungua mdomo: "nilipigwa mionzi."

KIZIBO CHA KWANZA, CHA CHUMBA CHA UPASUAJI

Hiki kinafungwa ukiwa bado umelala. Juu yake shimo linajazwa gozi yenye dawa, pleti inaishikilia isidondoke, inafungwa kwa waya kwenye meno au kwa nyuzi. Faida yake utaiona ukiamka, unaweza kuongea kwa kueleweka na kumeza, wengi wanatolewa mpira wa kulishia wa puani mapema au hawawekewi kabisa. Na kuna faida ya moyo ambayo mi naona ni kubwa zaidi, mgonjwa hazinduki akakuta pango mdomoni mwake.

Usikiguse. Usijaribu kukichomoa eti usafishe. Baada ya siku 5 mpaka 10 hivi daktari mwenyewe anakitoa pamoja na gozi. Siku hiyo harufu itakuwa mbaya, ni kawaida, ndugu msikunje sura mbele ya mgonjwa.

KIZIBO CHA MUDA, NA HAPA NDO WATU WANAPOTEA

Shimo jipya halikai lilivyo. Linanywea, linavuta, kingo zinajikunja, wiki hii ni tofauti na wiki mbili zijazo. Kwa hiyo kizibo cha miezi ya mwanzo ni cha kurekebisharekebisha, kinawekwa tabaka la plastiki laini upande wa shimo na hilo tabaka linabadilishwa kila wiki kadhaa, kinakwanguliwa hapa, kinaongezwa pale. Kikilegea sio kwamba umepewa kibovu, ni wewe unapona.

Sasa mgonjwa wa Kigoma anapewa kizibo cha muda Mwanza, anaambiwa rudi baada ya wiki 3, anapiga hesabu ya nauli na ya kulala, anaona kinakaa vizuri tu, harudi. Mwezi wa pili kinaanza kuvujisha chai. Anaacha kukivaa. Mwezi wa tatu akijaribu hakiingii tena kwa sababu shimo limejikunja bila kitu cha kulizuia. Huyo anaanza moja. Nimeona hivi mara nyingi mpaka inauma.

Cha kufanya ni kupanga kabla hujaondoka. Omba barua inayosema kizibo kimetengenezwaje na tabaka laini ni la aina gani, alafu uliza kabisa kama marekebisho madogo yanaweza kufanyika hospitali ya mkoa huku, Maweni kwa wa mjini, na yapi lazima urudi. Sehemu inayokwaruza, kishikizo kilicholegea, hivyo vitu sisi tunaweza. Kubadilisha tabaka inategemea vifaa vilivyopo. Na kipindi hiki cha mwanzo kivae usiku na mchana, unakitoa kusafisha tu, mpaka uambiwe vinginevyo.

Kuna wanaojaza pamba kwenye shimo, au kitambaa, mmoja alikuja na bablishi. Nawaelewa kabisa, Mfaransa mmoja bingwa wa upasuaji wa karne ya 16, Ambroise Paré, alikuwa anaziba makaakaa kwa kibati cha dhahabu au fedha chenye sponji juu, sponji ikilowa inavimba inashika, wazo ni lile lile. Ila pamba inaoza humo ndani, kipande kinakatika kinabaki juu kwenye uwazi wa pua miezi, au kinashuka kwenye njia ya hewa ukiwa umelala. Kama umekwama kabisa na unasubiri safari, njoo hospitali tukuwekee gozi yenye vaselini iliyofungwa uzi, uzi unabaki nje, na inabadilishwa kwa siku tulizokubaliana.

KIZIBO CHA KUDUMU

Kati ya miezi 3 na 6 baada ya upasuaji, shimo likitulia, mionzi ikiongeza muda unasogea mbele. Ukienda jiandae kukaa mjini kwa siku nyingi, sio kazi ya siku moja, nitakueleza inavyokwenda ili usishangae.

Impresheni ya sasa ni ngumu kuliko ile ya kwanza kwa sababu kuna shimo. Mtaalamu anaziba kwanza mapango ya ndani kwa gozi yenye vaselini ili uji usipande ukagandia huko ukakatikia. Alafu anatengeneza trei yako mwenyewe, anaweka pembeni yake kitu kinacholainika kwa moto, anakwambia fungua mdomo wote, peleka taya kushoto, kulia, geuza shingo, inamisha kidevu kifuani, meza. Wengine wanaona kama mazoezi ya ajabu, ila maana yake ni kwamba nyama za ndani zinajichora zenyewe zikiwa kazini. Mfupa wa taya la chini unapopita pembeni wakati unafungua mdomo, kizibo kikiwa kinene pale kitakugonga kila ukipiga miayo. Kwa hiyo fanya yote unayoambiwa kwa nguvu, usione haya.

Shimo kubwa linahitaji kizibo kirefu kwenda juu, na akriliki ni nzito, ikijaa yote inavuta meno kwenda chini mpaka yalegee. Ndo maana kizibo kikubwa kinatengenezwa kina uwazi ndani, kama kibuyu. Kuna njia ya zamani ninayoipenda: fundi anajaza chumvi katikati wakati anapika akriliki, ikishaiva anatoboa katundu, anaosha chumvi yote inayeyuka inatoka, anaziba katundu. Chumvi tu, sisi wa mkoa wenye chumvi ya Uvinza tungejivunia. Vingine vinaachwa wazi juu, ni vyepesi ila kamasi inakusanyika humo, lazima uoshe mara nyingi. Vilivyofungwa ni safi zaidi ila vikipata ufa maji yanaingia ndani, ukitikisa unasikia chubuchubu, hapo kirudishe. Tundu dogo la katikati halihitaji hayo yote, pleti iliyonyooka na kinundu kidogo kinatosha.

KABLA HUJAINUKA KWENYE KITI

Hapa usiwe mpole. Ukiondoka na kizibo kinachovuja ni kilomita mia nyingi kurudi. Omba maji, kaa wima, kunywa mafunda madogo, kitu kisitoke puani. Tone moja moja mwanzoni ukiinama linavumilika, kumwagika hapana. Omba kioo kidogo kikiwa baridi, kiweke chini ya pua, sema "papapapa, kakakaka": kioo kikifanya ukungu hewa inavuja. Sema "baba" kwa sauti, muulize uliyekuja naye amesikia nini. Kitoe na ukirudishe mwenyewe mara 5 mbele ya daktari, maana nyumbani hatakuwepo, na kama mdomo wako umekaza kiasi huwezi kukiingiza mwambie sasa hivi. Pumua kwa pua umefunga mdomo. Mwisho kaa nacho nusu saa, tembea, alafu uoneshe pale panapouma kwa kidole, hata kama ni kidogo sana. Patakuwa kidonda kesho.

Mzee wangu wa Ujiji siku hiyo alisema "baba" mara moja akanyamaza. Akasema tena. Alafu akaomba simu ampigie mjukuu.

KULA NA KUNYWA

Siku za kwanza uji, mtori, wali laini, maharage yaliyopondwa. Tonge dogo, upande wenye meno yako mwenyewe, ule upande wa shimo meno yake ya bandia ni ya kujaza sura na kusaidia matamshi zaidi kuliko kutafuna, ukiyabana sana kizibo kinapinduka. Ugali wa muhogo unanata, lowesha kwenye mchuzi vizuri. Mgebuka chambua miba yote kabla haujafika mdomoni, kwa sababu pleti imefunika kaakaa huwezi kuusikia mwiba mpaka ukwame. Hilo hilo kwa chai: hisia ya moto imepungua juu ya mdomo, utaunguza koo. Dagaa waliokaangwa wakavu wanaingia kwenye kingo za kizibo wanachoma, bora wa mchuzi. Miwa na mahindi ya kuchoma ya kung'ata kwenye gunzi, hivyo naomba usamehe kabisa.

KUONGEA

Kizibo kinarudisha hewa mdomoni, ila ulimi umeshajifunza tabia mbaya, hasa kama umekaa miezi bila. Watu wa mazoezi ya kuongea ni wachache sana nchini, kwa hiyo hapa ndugu ndo mwalimu. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Anza na jozi: mama, baba. Nana, dada. Ng'ara, gari. Akishazitofautisha nenda kwenye maneno yaliyojaa hewa: papai, kikapu, tikiti, dagaa, sita na saba, shoka, Kasulu, Kigoma. Ukifika mbali jaribu ule msemo wa katibu kata wa kata ya Mkata aliyekataa kukata miti, una k na t mpaka basi. Soma gazeti kwa sauti. Asibane pua kwa mkono ili asikike, akizoea hivyo ataacha kufanya kazi kwa ulimi. Na akiongea vizuri kwa ghafla siku moja alafu kesho mbaya, kagua kizibo kwanza kabla hujamlaumu, labda kimelegea.

MDOMO KUKAZA

Baada ya upasuaji, na zaidi baada ya mionzi, misuli ya kutafuna inakakamaa polepole. Mtu anastuka siku hawezi kuingiza kizibo. Mdomo wa kawaida unaingia vidole vitatu vya mwenyewe vikiwa wima, chini ya milimita 35 kati ya meno tunasema umekaza. Tumia vijiti vya aiskrimu visafi: vipange pamoja, viingize kati ya meno ya nyuma mpaka uone vinavuta, kaa nusu dakika, toa, rudia mara 5, mara 4 kwa siku. Kila baada ya siku chache ongeza kijiti kimoja. Kanda shavu na kitambaa cha maji ya uvuguvugu kabla. Anza mara daktari akikuruhusu, usingoje ukaze, maana kuzuia ni kazi ndogo na kufungua uliokwisha kukaza ni kazi ya miezi, na mingine haifunguki tena.

USAFI

Kila ukila, kitoe ukioshe. Mswaki laini na sabuni ya maji ya vyombo, sio dawa ya meno, ile inakwangua akriliki na kwenye mikwaruzo ndo fangasi wanakaa. Weka beseni lenye maji chini wakati unaosha, kikiponyoka kiangukie kwenye maji na sio kwenye sakafu. Maji ya moto hapana, kinapinda na hakirudi. Jiki hapana, inakula vile vishikizo vya chuma.

Shimo nalo linaoshwa. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko 1 cha chai cha chumvi, kijiko 1 cha chai cha bikaboneti ile ya kuokea keki, sio magadi ya maharage na sio hamira. Bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, inamia beseni, sukuma taratibu, makoko makavu yanatoka yenyewe, usiyavute kwa nguvu. Aliyepigwa mionzi mdomo wake ni mkavu, afanye hata mara 4 kwa siku, na meno yaliyobaki ayapigie mswaki kwa dawa yenye floraidi kila baada ya mlo, maana mate ndo yalikuwa yanayalinda na sasa hayapo.

Cha kudumu kikishazoeleka kinatolewa usiku, kinalala kwenye kikombe cha maji safi chenye kifuniko (panya wa huku wanabeba, sio utani). Ukiamka kikabana kuingia maana yake shimo bado linanywea, rudi kulala nacho kwanza na utuone.

Ukiona utando mweupe unaofutika ukaacha wekundu, au kaakaa lote jekundu linawaka chini ya pleti, hao ni fangasi, dawa yake ipo na kizibo nacho kinatibiwa, sio mdomo peke yake.

LINI UJE BILA KUNGOJA TAREHE

Tarehe za kawaida ni kila miezi 3 mwaka wa kwanza, baadae kila 6, hata kama huna shida. Ila njoo mara moja ukiona damu kutoka kwenye shimo, kinundu kipya, kidonda kisichopona wiki 2, ganzi kwenye shavu, jicho kusogea mbele, jino lililokuwa imara kucheza, au kizibo kilichokuwa kinakaa vizuri kuanza kusukumwa chini ghafla. Hilo la mwisho watu wanadhani ni kizibo kimechoka. Inaweza kuwa kweli, na inaweza kuwa uvimbe umerudi ndo unakisukuma, na kwa sababu kizibo kinatoka tunaweza kuchungulia ndani kwa tochi na kuona mapema.

Kizibo kikivunjika usikigundishe kwa supagluu, pande mbili zikikaa vibaya hata kwa unywele mmoja haziwezi kurudishwa vizuri tena na fundi. Okota vipande vyote, hata kile kidogo cha waya, weka kwenye kikopo chenye maji, uje navyo. Na kile kizibo cha muda cha zamani usikitupe, kioshe ukitunze kwenye kikopo kingine, hata kama hakikai vizuri kitakusaidia kumeza mpaka cha kwako kirudi kutoka maabara.